Tuzo ya Mama

Bunda, Jumamosi

Hawa waheshimiwa wamenichosha kabisa! Walimwita mama aende Musoma apewe tuzo ya heshima, kwa kuwa alizalisha wanawake wa Kisorya mpaka alipostaafu. Alivaa gauni lake la kanisani, akakaa juani tangu asubuhi.

Mheshimiwa mmoja akamtunuku mwenzake, mwenzake naye akamtunuku yeye, na hotuba juu ya hotuba. Mwishowe mshereheshaji akatangaza, “Muda umetubana. Mliobaki mtachukulia tuzo zenu ofisini.”

Mama alipiga makofi!

Njiani nikamwambia, “Mama, achana nayo.”

“Jumatatu nipeleke,” akajibu. “Wajukuu niliwaahidi nitawaonyesha.”

Nitampeleka, nifanyeje? Ila naogopa watamwambia, “Bibi, njoo kesho,” na yeye atawashukuru.