Kipaza Sauti cha Pembeni

Shoga, acha unachofanya. Naandika haraka, nikikosea herufi nivumilie.

Si unajua jana nilirekodi shoo ya Mzee. Wakati wa mapumziko nikasahau kuzima kipaza sauti cha waitikiaji, kile cha pembeni karibu na pazia. Leo nasikiliza, namsikia mwanawe, yule meneja wake, anaongea na promota.

"Majibu ya vipimo vya moyo nimemficha. Daktari kasema asiimbe tena."

Promota akauliza, na shoo ya Jumamosi je?

"Ataimba. Akianguka jukwaani, rekodi itauzika zaidi."

Itauzika zaidi. Baba yake mzazi, shoga. Halafu akacheka.

Sasa balaa lenyewe. Mzee unamjua, anataka rekodi mbichi, isikatwe hata kikohozi. Nilishamtumia asubuhi, kabla sijasikiliza mwenyewe. Nikampigia nimwombe asiifungue. Hakupokea.

Sasa hivi ndiyo kanijibu. Nasoma narudia. Nakuwekea kama ilivyo:

"Nimesikiliza yote, mwanangu. Usimwambie mtu. Jumamosi naimba. Kile kipaza sauti kiweke palepale, na usikizime."