Joto la Mashine ya Renatha

Lizaboni,
Songea.
9 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Dastan,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka. Marahaba, mume wangu. U mzima huko Tunduru? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha? Mama yako Ida alipita hapa jana baada ya misa, akasema umekonda lakini unacheka. Nimeshukuru kwa hilo la pili.

Sisi tupo. Baridi imeanza mapema mwaka huu. Ukungu unashuka kutoka Matogoro na hauondoki mpaka saa nne. Mahindi tumevuna, machache. Mjomba wako Tadei bado anagombana na kuku wa jirani, na kuku bado wanashinda.

Mimi siko vizuri, na sitakuficha. Miguu imevimba, viatu vyangu vyote nimevigawa. Daktari alisema moyo umechoka, akaandika vidonge, kisha akamwita Tadei nje ya mlango wakanong'ona, kana kwamba sijawahi kuwa mwalimu na sijui maana ya watu wazima kunong'ona nje ya mlango. Padri amekwisha kunipaka mafuta. Naandika mistari mitano, napumzika, kwa hiyo usishangae mwandiko ukibadilika.

Ninalotaka kukuandikia ni habari ya kompyuta ya Renatha. Niruhusu nianzie mwanzo, hata yale unayoyajua. Nimeyarudia kichwani miaka miwili kasoro mwezi mmoja, na nikiruka kitu nitajidanganya tena.

Binamu yako Renatha alikuwa akimtengeneza bibi kizee wa filamu ya katuni, kazi ya kampuni moja ya Dar es Salaam, nayo ilitakiwa ifike Jumatatu asubuhi. Sura ilikuwa yangu. Alinipiga picha kila upande, makunyanzi yote, hata pengo la jino. Kuchora kulikuwa kumekwisha. Kilichobaki ndicho wanachokiita kurenda: mashine ihesabu yenyewe kila unywele mweupe, mwanga unavyopenya ngozi ya sikio, na kivuli cha kila kunyanzi. Picha za dakika moja zilitaka siku nzima. Renatha aliniambia kwamba mashine ikihesabu hivyo inachoka kama mtu anayepanda mlima na gunia, na uchovu wake wote unatoka ukiwa joto. Ndiyo maana ya zile feni. Mbele inavuta hewa baridi, nyuma inatoa ya moto.

Nyuma ndiko nilikokaa mimi. Mwezi wa saba, na mifupa hii, niligundua mahali pazuri kuliko jikoni, maana hapakuwa na moshi. Renatha mwenyewe aliniwekea kiti, akasema, "Bibi, ota, ila usiizibe pumzi." Nikamjibu kwamba nilifundisha sayansi kabla mama yake hajazaliwa.

Wewe ulikuja Jumamosi. Uliifungua mashine, ukapuliza vumbi, ukafuta ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, iliyokauka kati ya chipu na bati la kupozea, ukapaka mpya. Nilikuwepo, nilikutazama. Ulipaka taratibu, ukarudia pembe moja ambayo mimi nilidhani iko sawa. Tadei akakutania kwamba ameita fundi, kaletewa mpishi wa uji. Ukamwambia, "Mjomba, huu hauna sukari, usije ukaulamba." Tulicheka wote. Kisha ukaiwasha, ukaiacha ihesabu saa nzima huku ukitazama namba za joto kwenye skrini, ukaondoka umeridhika.

Jumapili wote walikwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa mama yako mdogo Hilda. Mimi nilibaki kwa sababu ya upepo. Renatha aliianzisha kazi yake asubuhi, akaniachia kiti changu na blanketi. Kufikia saa sita upepo ulikuwa unapita chini ya mlango, na lile joto likapotea kabla halijafika magotini. Nikaona ni uharibifu. Unajua tunavyojifukiza tukiwa na mafua, chungu cha majani ya mkaratusi mbele yako na blanketi kichwani ili mvuke usikimbie. Nilifanya hivyo hivyo. Upande mmoja wa blanketi nikauweka magotini, upande mwingine juu ya mashine, nikazikunja pembe vizuri pasibaki nafasi. Joto likajaa. Sijawahi kuota joto tamu kama lile. Nikalala.

Kilichoniamsha ni kelele. Feni zilikuwa zikilia kama mashine ya kusaga, halafu zikanyamaza zote kwa pamoja, ikaja harufu ya plastiki iliyoungua. Skrini ilikuwa nyeusi. Niliondoa blanketi, nikalikunja, nikaenda nalo chumbani, nikalilalia. Nilikuwa na miaka themanini, nikakimbia kama mtoto aliyevunja chungu.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Renatha alilia mpaka sauti ikakauka. Kazi haikufika Jumatatu, na kampuni ikampa mtu mwingine. Tadei akakuita, na safari hiyo hakuwa anatania. Alisema umeipaka uji mashine ya mwanawe mpaka imekufa. Hukubishana naye. Ulikuja chumbani kwangu, ukapiga magoti kando ya kitanda, ukaniuliza, "Bibi, ulikuwepo. Kabla haijazima, ilikuwaje?"

Nikakujibu, "Nilikuwa nimelala, mume wangu."

Hapo ndipo nilipokukosea. Ya blanketi ilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anaujua. Lakini jibu lile nililichagua. Lilikuwa kweli, nililala. Na kwa miaka thelathini na minne nilichapa watoto wa watu kwa kweli za namna hiyo. Ukasema, "Haya bibi, pumzika," ukafunga mlango polepole nisipigwe na upepo.

Jina la Fundi Uji lilitoka humu ndani likaenda dukani, likaenda jumuiya, likafika stendi. Waliokuwa wakikuletea kompyuta wakaacha. Mwezi wa tisa ukapanda basi. Naambiwa unakaa kwenye duka la Majaliwa wa madini, unapima mawe, na hujashika bisibisi tangu hapo. Haya yote niliyajua nikiwa nakula, nikiwa nasali, nikiwa natembelewa na watu wakinisifu. Mwanzoni nilisema nitasema kesho. Baadaye nikasema wamekwisha kusahau. Hawajasahau. Mwezi uliopita tu Tadei alimsema fundi wa redio kwa jina lako hilo la uji.

11 Juni

Juzi niliishia hapo, nguvu zilikwisha. Jana nilimwita Renatha nikamwambia yote kama nilivyokuandikia. Kompyuta ilikuwa yake, nikaona asiyasikie kwa watu.

Alikuwa ananikanda miguu. Aliendelea kukanda muda mrefu, kisha akasema, "Nilijua, bibi."

Ulipoondoka, fundi mwingine aliifungua ile mashine kuona kama kuna cha kuokoa. Alikuta dawa yako imekaa sawasawa, imeenea pote. Kwenye matundu ya nyuma alikuta nyuzi nyekundu za sufu, na nyumba hii ina blanketi jekundu moja tu. Renatha alizitoa nyuzi, akazitupa chooni, hakumwambia mtu. Nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Ningekusemaje wewe, bibi? Kaka Dastan ni kijana, nilidhani atasimama tena. Wewe ungebaki na aibu mpaka kaburini."

Ndivyo tulivyokufanyia. Mimi nilificha blanketi, yeye akanificha mimi, na mzigo wote ukakaa kichwani kwako. Sikumgombeza. Ningemgombeza kwa kinywa gani?

Tadei naye nimemwambia jana jioni. Alitoka nje, akakaa barazani bila koti. Aliporudi aliniuliza kama nimemeza vidonge, basi. Lakini leo asubuhi jirani alitaja lile jina la uji, nikamsikia Tadei akimwambia, "Anaitwa Dastan."

Nimeomba jumuiya isali hapa nyumbani Jumamosi hii. Nitawaambia mwenyewe. Sauti ikinikatalia, Renatha atawasomea nakala ya barua hii. Anainakili yote, hata panapomtaja yeye. Alitaka tukupigie simu, nikakataa. Neno la simu likipita limepita. Karatasi hii ina mwandiko wangu na saini yangu, na unaweza kumwonyesha yeyote atakayekuuliza. Itunze hata ukinikasirikia. Hasa ukinikasirikia.

Sikuombi urudi. Usije mazishini ukasimama na watu ukijilazimisha kulia. Ukitaka kufungua mashine za watu tena, zifungue huko, au hapa, au usizifungue kabisa, mradi iwe kwa kupenda kwako. Na mtu yeyote asikuharakishe kunisamehe kwa kuwa naondoka. Chukua muda wako, mimi wangu nimeutumia vibaya.

Barua hii ataileta Renatha kwa basi la Jumatatu asubuhi. Ukimwona mlangoni usidhani nimekufa. Mpe maji, mpe kiti. Analo lake la kukuambia kwa kinywa chake, nami nimeishia hapo nilipoishia ili nisimmalizie. Amebeba dagaa wa Nyasa; ukiwakataa wape majirani, wasiharibike.

Msalimie Majaliwa na mkewe, waambie nashukuru kwamba walikupokea bila kuuliza. Mama yako Ida anakusalimu, na Hilda pia. Tadei amesimama hapa kando ya kitanda tangu nianze ukurasa huu. Sasa hivi ameniambia, "Mama, niandikie pole kwa mtoto." Nimemwambia kalamu hii hapa, nami nitamwachia nafasi chini ya jina langu.

Mungu akupe usingizi mzuri, mjukuu wangu, na watu watakaokuuliza mara mbili kabla ya kukuhukumu.

Ni mimi bibi yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Kunegunda

Dastan, lile jina nilikubandika mimi. Nitapita kwa mmoja mmoja nilibandue, nianzie dukani. Pole, mwanangu. Mjomba wako, Tadei.