Ndoo Mbili Zilitosha

Mtwara

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukifika kwenye neno hilo utaitikia kwa sauti kana kwamba nimesimama mlangoni, halafu Mama atauliza unaongea na nani. Mguu wa kushoto unaendeleaje? Bado unakusumbua siku za mvua? Na kifua cha Mama? Maharage mmeshavuna, au mvua imewachelewesha? Mimi huku mwili hauna tatizo, ila joto la Mtwara linanikomesha. Nikimaliza kunywa chai asubuhi, gauni limeshalowa. Na ndizi zao za kupika, Baba, ni kama zimekatwa zikiwa zinalia. Nazila tu kwa sababu ni ndizi.

Barua hii nimempa Revokatus, mtoto wa katekista wetu, anayerudi huko likizo. Nimemwambia akuwekee mkononi mwako mwenyewe. Ningeweza kupiga simu, lakini wewe ukipokea simu unaweka sauti ya juu mpaka nyumba ya tatu wanafuatilia mazungumzo, na nilichonacho leo ni chako kwanza. Vaa miwani, kaa kitako.

Mama ameniambia kwamba wakwe wa Jovina wanakuja kujitambulisha Desemba, na kwamba umeamua nyumba ipakwe rangi upya, mbele na nyuma. Nilifurahi mno. Mdogo wangu naye amekuwa mtu wa kuletewa wakwe! Halafu Mama akaongeza kwamba unataka kumleta fundi kutoka mjini Biharamulo aje akupimie rangi inayohitajika. Iliniuma, Baba. Iliniuma kwa sababu ninayoijua mimi peke yangu, na nitaifikia.

Kwanza nikupe habari ya huku, maana ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuandika. Unajua tunapaka rangi bweni jipya la wanachuo, la ghorofa mbili. Fundi mkuu wetu, Mzee Bakari, alituita sisi mafundi rangi sita, akatuuliza ndoo ngapi zitatosha nje. Wenzangu walitazama juu, wakakuna vichwa, mmoja akasema thelathini na tano, mwingine arobaini ili tuwe salama. Mimi niliomba siku moja. Wakacheka. Mwanamke niko mmoja, na wamezoea kunipa milango na madirisha, eti nina mkono mwepesi.

Nilizunguka jengo na futi ya kupimia. Urefu wa kila ukuta nikauzidisha kwa kimo chake, nikatoa milango na madirisha, nikazidisha kwa mbili, maana rangi hupakwa mikono miwili. Hayo nimejifunza huku. Lakini kabla ya kugawanya kwa lita, niliomba kikombe cha maji. Nikarusha maji ukutani, nikasimama kuangalia yanavyopotea, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Upande wa mashariki yalipotea upesi kuliko pande nyingine. Plasta ya huko ilipigwa kwa mchanga mnene. Nikasema moyoni, "Ukuta huu una kiu," kwa sauti yako kabisa. Upande huo nikauongezea ndoo mbili.

Nilimwambia Mzee Bakari ndoo ishirini na sita. Akanitazama.

"Zikipungua, binti?"

"Zikipungua nirudisheni kwenye milango."

Tumemaliza Jumamosi iliyopita. Ndoo ya ishirini na sita imebaki na rangi isiyofika nusu. Mzee Bakari aliiinua, akaitikisa, akauliza, "Wewe umesoma chuo gani?" Nikamjibu, "Chuo cha Nyabusozi, mkuu wa chuo ni baba yangu." Sasa kila jengo jipya ananituma mimi mbele nikapime, na wale wenzangu wananiita Mama Kikombe. Waache waniite. Ningekuwa karibu ungeniona ninavyotembea, Baba, shingo imenyooka kama nimebeba mtungi.

Ila usiku ule wa kusifiwa sikulala vizuri. Nilichukua kalamu nikaipima nyumba yetu. Naijua kwa kichwa, nimeifagia miaka yote. Mita kumi mbele, mita nane ubavuni, kwa hiyo kuzunguka ni mita thelathini na sita. Ukiacha ule mkanda mweusi wa chini, unaozuia tope jekundu lisichafue ukuta, kimo kinachobaki ni mita mbili na nusu. Inakuwa mita za mraba tisini. Toa mita kumi za milango na madirisha, zinabaki themanini. Kwa mikono miwili ni mia na sitini. Plasta yetu ni ya mchanga mnene, lita moja haivuki mita tano. Nimegawanya mara tatu, na kila mara inakuja lita thelathini na mbili.

Unakumbuka ulinunua ngapi ule mwaka wa harusi ya dada Generoza? Ndoo mbili, lita arobaini. Ulisimama uani umeshika kiuno, ukazunguka mara moja, ukarusha kikombe chako cha maji, ukamwambia Mama, "Ndoo mbili, na itakayobaki nitakupakia jiko." Lita nane zilizobaki kwenye hesabu yangu, Baba, ndizo za jiko la Mama. Ulizipima kwa jicho, bila futi wala karatasi.

Sasa nisikilize. Ndoo zile zililetwa na pikapu, zikashushwa barabarani. Wewe ulikuwa umekwenda Biharamulo kufuata brashi, na Mama alikuwa shambani. Nilikuwa kidato cha pili. Nikasema nikufurahishe, ukirudi uzikute uani. Nikasokota ngata ya majani makavu ya mgomba, nikajitwisha ya kwanza kama ninavyojitwisha maji, ikafika salama. Ya pili, kabla ya kujitwisha, nilitaka kuiona hiyo rangi ya maziwa iliyosemwa nyumba nzima. Nikabandua mfuniko, nikachungulia, nikaurudisha juu juu tu. Nikapita njia ya mkato kwenye migomba. Majani yaliyotandazwa yalikuwa yamelowa. Niliteleza.

Zaidi ya nusu ya ndoo ilimwagika, Baba. Nilifukia kwa udongo, nikatandaza majani juu yake. Kisha nikamimina kutoka ndoo nzima kwenda ile iliyomwagika mpaka zikalingana, nikajazia maji zote mbili. Ulipofika nilikuambia nimekufungulia ili usipate taabu, na ukanishukuru.

Ndiyo maana rangi ilikuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Ndiyo maana mbele na ubavuni ulipaka mikono mitatu badala ya miwili, na rangi ikakuishia kwenye kona ya nyuma. Siku ya harusi tukaziba njia ya uani kwa vitenge, na mdogo wake bwana harusi akapita hapo hapo akitafuta choo. Mzee Masanja, jirani yetu, akasema mbele ya watu, "Nyumba ya fundi ni picha ya pasipoti, ina sura, mgongo haina!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wewe pia ulicheka. Lakini mimi nilikuona ulivyokwenda nyuma peke yako, ukasimama mbele ya ule ukuta mtupu, ukajifunika jicho moja kwa kiganja, kisha la pili, kama mtu anayejaribu miwani.

Baada ya hapo walipokuja kukuita kazi, hata ile nyumba ya walimu, uliwaambia, "Jicho langu limeshachoka, tafuteni vijana." Ukashika jembe. Nilikuwa nakusikia na nilinyamaza. Mwanzoni niliogopa fimbo. Baadaye niliogopa uso wako. Nimenyamaza miaka kumi na miwili, nimejifunza kazi yako, nimeipenda, nimesifiwa kwayo mbele ya watu, na mwenye sifa amekaa Nyabusozi akiamini alikosea. Nisamehe, Baba. Mtu aliyekosea ni mimi.

Kama unadhani nakufariji tu, chukua jembe nenda kwenye migomba nyuma ya jiko, mgomba wa tatu ukitokea njia ya barabarani. Shina lenyewe litakuwa limeshabadilika, lakini mahali ni pale pale. Chimba kiasi cha kiganja. Gamba la rangi litakuwepo, rangi yetu ya maziwa, halijaoza.

Na huyo fundi wa mjini mwambie asipande pikipiki kuja. Simama uani ulivyosimama siku ile, zunguka mara moja, rusha kikombe chako cha maji, kisha nitajie idadi ya ndoo. Mimi sitapima. Nitanunua hiyo hiyo utakayosema, sitaongeza hata kopo, na nitakuja nayo mwenyewe nikiwa nimeshika mfuniko kwa mikono miwili. Mgongo wa nyumba tutaupaka wewe na mimi, na jiko la Mama mwisho.

Msalimie Mama, mwambie jiko lake nilimnyima mimi. Msalimie Jovina, bibi harusi wetu, asijinyime kula akitafuta umbo. Msalimie dada Generoza na shemeji, hasa yule mdogo wake shemeji aliyekuwa akitafuta choo. Shangazi wa Kibimba akipita, mwambie simu yake niliiona, nitampigia Jumapili. Na Mzee Masanja umsomee barua hii yote, polepole, usiruke mstari.

Mimi binti yako Adventina, fundi, mtoto wa fundi.

Na hilo jicho lako, Baba, nalisalimu peke yake. Shikamoo.