Shamba Lako Limeandikwa Jina Langu

Werugha,
kupitia Wundanyi.
9 Agosti 1996.

Mpendwa mdogo wangu Ndulu,

Hujambo huko Ayalandi? Kifua chako je, kimezoea baridi? Sisi wazima. Ukungu umetufungia jua siku tisa na kabeji zimeanza kuoza, lakini ng'ombe anatoa maziwa vizuri. Goti linamsumbua Baba, ila mdomo wake mzima kabisa.

Barua yako ya Juni tumeisoma mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nilipenda ulivyotueleza hiyo baroni unakoishi: kwamba zamani ilikuwa nchi ya ukoo mmoja, kisha ikapimwa, ikagawanywa parokia, na kila parokia ikawa na vijiji vidogo vidogo, mipaka yake vijito na kuta za mawe. Na kwamba siku hizi baroni haina ofisi wala askari, imebaki jina tu. Nikasema, kumbe ni kama sisi! Serikali ina mipaka yake ya lokesheni na sabulokesheni, lakini muulize mtu wa huku, atakwambia yeye ni wa Dawida, au Saghalla, au Kasigau, basi.

Na wewe umevikariri vijiji vyote ishirini na saba vya parokia yako! Haki una kichwa.

Sasa jambo lenyewe, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Lile shamba Baba alilosema ni lako, limeandikwa jina langu.

Ngoja, usirarue karatasi.

Maafisa wa ardhi walikuja Julai kupima upande wetu. Unajua wazee walivyogawa: kila nyumba mkanda mmoja wa ardhi, kutoka juu kwenye baridi hadi chini kwenye joto, mtu apate mboga huku na mtama kule. Mkanda wetu unakatiza sabulokesheni mbili. Maafisa wakachanganyikiwa, wakaiachia kamati ya ardhi ya wenyeji. Kamati ikasema mwenye shamba aanzie juu, ateremke akitaja jina la kila kipande.

Baba naye, kwa kujivunia mtoto wake, akasema mwenyewe yuko ng'ambo lakini barua yake ipo, itamsemea. Akanipa niisome mbele ya watu. Jameni, Ndulu! Nimesoma vijiji ishirini na saba vya Ayalandi, wazee wananisikiliza kwa adabu, nikafika mwisho ulipoandika, "Na shamba letu, mipaka Baba anaijua." Basi. Hakuna zaidi. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Nilikuonea huruma na nikakukasirikia, vyote pamoja.

Ndipo Mama Jedidah, mwanamke pekee kwenye kamati, akaniuliza, "Na wewe Wakio, majina unayajua?"

Nikateremka. Chemchemini, Jiwe la Nyuki, Kwa Mbula pale shangazi alipozaliwa katikati ya palizi, vipande kumi na vinne mpaka chini kabisa. Sikukosea hata kimoja, kwa sababu nimevilima miaka kumi na moja. Wakaandika: Gertrude Wakio.

Ningeweza kusema hapana, hili ni la mdogo wangu. Sikusema. Nililitaka, Ndulu. Sikujua kama nalitaka mpaka nilipoona kalamu inaandika.

Kuna siku sitini za kupinga. Ukitaka kupinga, andika, na barua yako nitaipeleka Wundanyi kwa mikono yangu, sitaficha hata neno. Sitakununia. Wewe ndiye niliyekubeba mgongoni nikienda kuteka maji, na nitakupenda tu, hata tukikaa pande mbili za meza ya serikali. Ninachoogopa ni wewe kunyamaza. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Shangazi Mbula anakusalimu, anauliza kama umeoa. Mama Jedidah pia anakusalimu, na anasema usimchukie. Wana kwaya wote wanakukumbuka.

Nilimwomba Baba akuongezee mstari hapa chini. Alishika kalamu muda mrefu, akanirudishia. Amesema, "Mwambie aje nyumbani."

Mungu akufunike huko ulipo, na akulainishie moyo unaposoma haya.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda vilevile,

Wakio