Laini ya Mwalimu Kirwa

Jumanne, usiku

Leo wanaume wawili wa suti walikuja kwetu eksichenji, ninakounganishia watu simu, wakaniamuru niunganishe simu ya Mwalimu Kirwa wa Kapsoya na waya wao, wapate kumsikiliza. Mmoja akakaa kando yangu.

Mchana Mwalimu akapiga. "Mama Chebet, nipe laini ya Moi's Bridge."

Nikamwambia, "Mwalimu, laini ni mbaya leo. Afadhali usiongee."

Maneno yaliponitoka nikajua nimekwisha. Mwalimu akakata simu.

Yule mtu hakupaza sauti. "Laini iko sawa, mama. Kesho uje mapema, tuongee."

Baba Chebet amelala. Sijamwambia kitu. Nguo za watoto nimezifunga kwenye begi, waende kwa mama yangu. Mimi nitaenda kazini. Nisipoenda, watakuja hapa.