Kazi ya Kija Kule Ilemela

Mkolani, Mwanza
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mpendwa kaka yangu Muhidin,

Shikamoo, kaka. Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili. Ya moyoni utayaona huko mbele. Habari za Mtwara? Na mgongo wa shemeji Mastura, umepoa? Mama alimwota amebeba ndoo ya maji, akaamka na wasiwasi, akaniagiza niulize. Anasema shemeji aache ndoo nzito kabisa.

Sisi huku hatujambo. Binti yangu Nasma ameota meno ya mbele, uliondoka ukimwacha na pengo, na sasa hachagui cha kung'ata. Mvua hakuna, vumbi la Mkolani linaingia mpaka kwenye kopo la sukari.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Nyumba hii unaijua, ukikohoa chumbani walioko sebuleni wanakupa pole. Ninayotaka kukuambia hayafai kusikiwa na Kija, maana yanamhusu. Obedi anashuka huko na lori wiki ijayo, nitampa barua mkononi.

Kaka, nina wivu. Nimeshasema, basi. Na usiwaze habari za mwanamume, ingawa mimi mwenyewe nilianza kuwaza huko. Naionea wivu kazi ya mke wangu.

Tangu Ramadhani ilipoisha Kija anashona kwenye karakana ya Mzee Antoni kule Ilemela, kando ya ziwa. Wanatengeneza majaketi ya kujiokolea majini, wanawauzia wavuvi na wenye boti za abiria. Ni kampuni ndogo, haina hata geti la maana. Mimi niko kwenye ghala kubwa la vifaa vya ujenzi mjini, ofisi ina kiyoyozi na kamera ziko kila kona. Ukiuliza mtaani nani kati yetu ana kazi nzuri, wote watanitaja mimi.

Sasa tuangalie tunavyorudi jioni. Mimi narudi nimenuna, navua viatu, sitaki kuongeleshwa. Yeye anarudi anaimba. Anabandika chai huku anacheka peke yake, ukimuuliza anasema amekumbuka kitu alichosema Sabina kazini. Huyo Sabina simjui, lakini nimeshamchoka. Kila neno ni "kwetu kazini hivi, kwetu kazini vile". Mimi nilidhani kwao ni hapa.

Mwezi uliopita alikata kitambaa vibaya, mikanda yote ikatoka mifupi. Nilivyosikia tu, nikaanza kumwandalia maneno ya kumfariji, maana nilijua atafukuzwa. Kumbe alisimama mwenyewe wakati wa chakula cha mchana akawaambia wote. Mzee Antoni akauliza alitumia kipimo gani, wakaenda kukiangalia, wakakuta ule ubao wa kupimia umepinda. Wakachonga mwingine, wakarudi kumalizia ugali wao. Kwetu ghalani ukivunja kigae unakisukuma nyuma ya rafu na kuomba Mungu kamera iwe inaangalia kwingine. Ningetakiwa kufurahi kwa ajili yake. Badala yake nikamwambia chai haina sukari, na sukari ilikuwemo.

Mimi, kaka, bosi wangu hajui jina langu. Ananiita "wewe wa stoo", na wenzangu nao wameshika hilo hilo. Siku hizi ananituma pia kupeleka mabati Ukerewe kwa boti ya mizigo isiyo na jaketi hata moja. Safari iliyopita upepo ulitukamata kabla hatujaiona bandari ya Nansio, tukawa tunachota maji kwa sufuria ya kupikia. Nilivyomsimulia Kija hakuuliza hata swali. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele. Nikasema moyoni, hadithi hii angekuja nayo Sabina, angeulizwa mpaka asubuhi.

Halafu nikaanza kukuta kanga mbichi kwenye mkoba wake, zinanuka ziwa. Nikamuuliza, akasema ni maji tu. Kija huyu wa Bujora, binti wa wafugaji, tangu nimuoe hajawahi kuingia ziwani zaidi ya vifundo vya miguu. Mimi na wewe tumekulia majini, unajua. Nimembembeleza miaka yote nimfundishe kuogelea, anasema ziwa halina mkia wa kushika. Sasa maji hayo alikuwa anaingia na nani?

Jumanne nilitumwa kwa mteja karibu na uwanja wa ndege. Nikapitiliza mpaka ufukweni, nikajibanza nyuma ya jiwe. Mwanza hii kila mume mwenye wivu ana jiwe lake la kujificha.

Nikamwona, kaka. Amevaa jaketi kubwa lililomfika mapajani, maji yamefika kidevuni, mara miguu ikaacha chini, akaelea. Mzee Antoni alikuwa amesimama majini na suruali yake, hajamshika, anamwambia tu, "Pumua, mama, pumua." Wenzake ufukweni wanapiga makofi. Kija alikuwa anacheka huku analia. Mimi ndiye niliyetakiwa kuwa pale majini, na nilikuwa nimechuchumaa kwenye kinyesi cha ndege.

Mlinzi wao akanishika shati, akidhani mimi ni mwizi. Nikapelekwa mbele ya karakana nzima, Kija anatiririka maji. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwacheni, huyo mume wangu, amekuja kuniona." Mzee Antoni akanipa uji wa moto na kuniuliza naitwa nani. Kaka, kwa mazoea nikajibu, "Mimi ni wa stoo." Kija akasema, "Anaitwa Farouk."

Ndipo nikaelezwa utaratibu wao. Kila mshonaji anashona jina lake ndani ya kola. Kabla mzigo haujatoka wenzake wanamchagulia jaketi moja kati ya aliyoyashona, analivaa na kuingia nalo ziwani, kila mtu anaona. Mzee Antoni anasema kama hujiamini kulivaa, usimvishe mtoto wa mwenzako. Basi ndiyo hivyo, wanaume wa ziwa zima wanatembea na jina la mke wangu shingoni.

Jioni ile sikupiga kelele. Nilimwambia aache kazi. Alikuwa anakunja nguo, akamaliza kukunja, akasema, "Kwa baba yangu ulikuja na kaka yako. Kaka Muhidin akiniambia niache, nitaacha." Unawajua watu wa Bujora. Baba yetu alipokufa wewe ndiye uliyewapelekea ng'ombe wa mahari, kwa hiyo neno lako kwao ni zito kuliko langu.

Ndiyo sababu ya barua hii. Nakuomba umpigie Kija umwambie aache. Sema nyumba inamhitaji, sema Nasma bado mdogo, sema lolote litakalokujia. Siwezi kuishi na mtu anayeacha furaha yake yote Ilemela na kuniletea usingizi.

Jumapili, 10 Agosti

Kaka, barua ilikuwa bado chini ya godoro. Soma na hii kabla hujashika simu.

Juzi Nane Nane wao walipumzika, sisi tulifungua ghala kama kawaida. Kija alishinda Ilemela hivyo hivyo, na hakuna aliyemwita. Nikanuna siku mbili, sikumuuliza alifuata nini.

Kesho nina safari nyingine ya Ukerewe na mabati. Leo tumekula, Mama amelala, Kija akaingia chumbani akarudi na jaketi la rangi ya chungwa. Akasema, "Vaa nione." Likanikaa kila mahali, mabegani, kifuani, mpaka mkanda wa kati ya miguu. Kumbe alinipimia shati langu la Idi. Mzee Antoni huwa anawaruhusu kushona moja la mtu wa nyumbani kwa vitambaa vinavyobaki, na lilikuwa linakauka kivulini kwao, juzi ndilo alilolifuata. Nikageuza kola, nikakuta jina lake.

Nikataka kumtania. Nikamuuliza, hili nalo limeingia majini, au la mume halipimwi? Maana yeye mwenyewe ndiye anayesema kwao hakuna kinachotoka bila kupimwa.

Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Si uliliona," akasema. "Ulikuwa nyuma ya jiwe."

Kaka, ni lile kubwa lililomfika mapajani.

Siku niliyomsimulia habari za upepo, alipokuwa anachambua mchele amenyamaza, ndiyo siku aliyoamua. Kesho yake akaomba wamzoeshe maji ili alijaribu mwenyewe, maana majaketi yake ya nyuma Sabina ndiye aliyekuwa akiingia nayo ziwani badala yake. Kanga zote zile mbichi zilikuwa zangu. Nikaomba chai, nikasema ina sukari ya kutosha kabla sijaionja.

Usidhani wivu umeisha. Bado namwonea wivu Sabina, nauonea wivu ule uji, na watu wanaokosea hadharani na kurudi kula. Naona uchungu kwamba ghala langu lenye kiyoyozi limenipeleka ziwani mara zote hizo bila kitu, na karakana isiyo na geti ndiyo imenivisha. Lakini ukimpigia, kaka, mwambie asiache. Na usimwambie niliandika nini kwenye kurasa za mwanzo.

Msalimie sana shemeji Mastura, na watoto wote wanipokelee mikono. Mama anakuombea dua kila baada ya swala, Nasma anauliza utamletea korosho lini. Mwenyezi Mungu awafunike kwa rehema zake, atukutanishe tukiwa wazima.

Kesho asubuhi tunapakia. Katika boti nzima mwenye jaketi nitakuwa mimi peke yangu, na najua watakavyoniangalia.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Farouk