Mbao Nane kwa Madaraja Matano

Alhamisi, jioni. Mvua imekatika lakini mbingu bado zimenuna, nami nimenuna kuzishinda.

Naandika nikiwa na kinyaa. 

Juzi, Jumanne, Bwana Komiseri, mzungu mkuu wa wilaya, alipita na motokari yake kukagua barabara yetu ya kwenda Kabambare. Kutoka hapa kwa chifu hadi kule kuna madaraja matano, na yote yamebaki magogo matupu. Mbao zilikuwapo. Watu wetu walizipasua mwaka jana kwa kazi ya lazima, kisha zikaishia kwenye baraza ya nyumba wanamolala wazungu wakiwa safarini. Zilizobaki ni nane.

Zinatosha daraja moja.

Basi ajenti, yule mzungu kijana anayesimamia barabara, akapata akili. Motokari ikishavuka daraja la kwanza, wanaume ishirini wang'oe mbao, wakimbie nazo kwa njia ya mkato, wazitandike daraja la pili kabla mgeni hajafika. Hivyo hivyo mpaka la tano. Ili wawahi, mgeni acheleweshwe kila kijiji kwa ngoma, mashamba ya pamba na hotuba.

Hotuba niliziandika mimi, karani wa chifu. Niliambiwa ziwe ndefu, nikazirefusha kweli kweli. Nilimshukuru Bulamatari, yaani serikali ya wazungu, kwa barabara, kwa sindano, kwa amani, karibu nimshukuru hata kwa mvua. Orodha ya wabebaji pia ni mwandiko wangu. Nilimtia humo shemeji yangu Shabani, mume wa mdogo wangu Mwamini, kwa kuwa ana mbio na mabega. Nilijua Mwamini yuko katika mwezi wake wa kujifungua. Nikasema moyoni, ni siku mbili tu.

Na nikiri jambo hili: Jumanne nilicheka. Kijiji kizima kilicheka. Wanaume wanakimbia na daraja mabegani, nani asingecheka?

Jana alfajiri Mwamini alishikwa na uchungu. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na mkunga akasema hili limemzidi, apelekwe haraka zahanati, ng'ambo ya mto. Wenye nguvu walikuwa hawajarudi, kwa hiyo kipoyi, machela yetu ya miti, tulikibeba mimi na wazee watatu, tukipumzika kila mwendo mfupi. Tukafika daraja la kwanza. Magogo yanateleza, mto umefura, na mbao zetu ziko daraja la tano, ambako mgeni aliziacha nyuma yake akaenda zake Kabambare. Hakuna aliyeamuru zirudishwe.

Mwamini aliinua kichwa akaniuliza, "Kaka, mbao iko wapi? Juzi niliona motokari inapita hapa."

Nilijifanya nakaza kamba za kipoyi.

Tulingoja maji yapungue. Mtoto alizaliwa pale pale ukingoni, mwanamume, wala hakulia. Tulimzika jana hiyo hiyo. Mwamini yu hai, na mkunga anasema atapona.

Shabani alifika alasiri, mabega yamechubuka. Watu walikuwa wamekwishamwambia njiani. Hakupiga kelele. Alinisogelea akasema, "Shemeji, ile mbao ya katikati ni miye niliibeba."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Mwenyeji gani aliyepona hapa? Namchukia ajenti na akili yake. Namchukia chifu aliyempigia makofi. Ila kinachonitapisha hasa ni mkono wangu huu, unaosifiwa kwa mwandiko mzuri.

Leo saa nne imekuja barua ya Bwana Komiseri. Anatupongeza. Ameyaona madaraja yote matano kuwa mazima, na kwa sababu hiyo mbao mpya tulizotengewa zitapelekwa kwingine kwenye shida zaidi.

Nimeitafsiri. Kiswahili chake kimetoka safi.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitaisoma barazani kwa chifu. Wabebaji wote wameitwa wakae mbele wapigiwe makofi. Nikikataa kusoma, fimbo naijua na gereza nalijua. Je, nikisoma?

Nilidhani Shabani atabaki nyumbani na mkewe, nikamwambia nitamwombea ruhusa. Amekataa. Amesema atakuja, anataka kunisikia nikisoma.